Mvumo wa Masikio: Asili Yake na Kinga Yake

Hotuba kwa Waislamu wa Mwakiro

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Katika neema ambazo Mwenyezi Mungu amewakumbusha waja wake ndani ya Qur'ani, kusikia hutajwa mara nyingi kabla ya kuona. Mtoto wa Kiislamu anapozaliwa, adhana husomwa sikioni mwake hali macho yake hayajapambanua uso wa mama. Lakini neema hii haina mlango. Jicho lina kope la kulifunga, sikio halina. Usiku na mchana li wazi, hata mwenyewe akiwa amelala, na kila sauti ipitayo huingia bila ya kubisha hodi. Basi aliyepewa kitu kisicho na mlango imempasa awe yeye mwenyewe bawabu wake.

Maneno ya leo yahusu ugonjwa mmoja wa sikio ambao wengi wanao na wachache wanausema, nao ni mvumo wa masikio.

Na achukuliwe kwa mfano mkulima mmoja wa Mwakiro, katika nchi ya Muyinga. Mchana kutwa amelima maharage yake, na siku mbili katika juma hulinda mashine ya kusaga unga ya jirani yake ili apate senti za chumvi na sabuni. Juma lililopita alishikwa na homa, akanywa kwinini. Usiku, watoto wamelala na moto umezimika, asikia sauti nyembamba mfano wa nyenje mtini. Amwuliza mkewe, mkewe hasikii kitu. Atoka nje, sauti yamfuata. Atia vidole masikioni ili aizuie, na badala ya kupungua, sauti yazidi. Hapo ajua kwamba nyenje huyo hayumo mtini, yumo ndani yake mwenyewe.

Mtu wa namna hii hupewa moja ya majibu matatu. La kwanza ni kwamba yupo mtu mahali fulani anayemsema. La pili ni kwamba amepandwa na jini, au ametupiwa kitu na hasidi yake. La tatu ni kwamba ndio uzee, avumilie. Majibu haya hayafanani, lakini mwisho wake ni mmoja: yote matatu humzuia kwenda kuulizwa na mwuguzi sababu ya mvumo ule, na wakati mwingine sababu hiyo ilikuwa ni ya kuzuilika.

Ugonjwa wenyewe si mpya. Ibn Sina, tabibu mkubwa aliyefariki mwaka 1037, aliueleza katika kitabu chake cha Al-Qanun pamoja na maradhi mengine ya sikio, wala hakumwachia mpunga majini. Beethoven, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, alipokuwa na umri wa miaka 30 aliandika katika barua ya mwaka 1801 kwamba masikio yake yavuma usiku na mchana; naye baadaye alikuwa kiziwi. Na hesabu iliyotolewa mwaka 2022, baada ya kukusanywa uchunguzi wa nchi nyingi, yaonyesha kwamba watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wamepata kuusikia mvumo huu, na kwamba wapatao milioni 120 umewaelemea sana. Basi mkulima wa Mwakiro si peke yake.

Ili kinga ifahamike, ni lazima kwanza ifahamike kazi ya sikio. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Huingia katika tundu la sikio ikapiga kiwambo chembamba, kilichowambwa kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo hicho vipo vifupa vitatu, vidogo kuliko mifupa yote ya mwili, navyo husukumana kimoja baada ya kingine hata mtikisiko ukafika katika kijumba chenye maji, kilichojizungusha mfano wa nyumba ya konokono. Ndani ya kijumba hicho zimepangwa chembe zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio. Maji yakitikisika, vinyweleo huinama na kuinuka kama shamba la mtama lipitiwapo na upepo, na kila chembe hupeleka khabari yake katika mshipa wa fahamu, na mshipa huifikisha katika ubongo.

Mtama uliolazwa na upepo mdogo huinuka tena. Uliovunjika shina hauinuki. Ndivyo zilivyo chembe hizi. Kelele ya mara moja huzichosha, na baada ya mapumziko hurudia hali yake. Kelele kubwa au ya kila siku huziua. Mwaka 1988 wataalamu walitangaza jambo la ajabu: kwamba kwa ndege, chembe za kusikia zilizokufa kwa kelele huota upya, hata kifaranga wa kuku aliyeharibiwa sikio hurudishiwa kusikia kwake. Mwanadamu hakupewa fungu hilo. Idadi aliyozaliwa nayo ndiyo idadi yake, na kila iliyokufa haina badala.

Sasa mvumo watoka wapi, ikiwa hakuna kinacholia nje? Na atazamwe mtu anayefungua redio ya kituo kilicho mbali. Sauti ikififia, huzungusha kitufe aiongeze, na kinachoongezeka si habari, ni mikwaruzo. Ubongo hufanya mfano wa hayo. Ukikosa khabari ulizozoea kuletewa na chembe zilizokufa, hujitahidi kusikia zaidi, na katika kujitahidi huko husikia mlio wake wenyewe. Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Na katika jambo hili wamesadikika, kwani mvumo husikika sikioni, na aghalabu hukuzwa kichwani.

Wala kusikia mlio kidogo katika kimya kikubwa si ugonjwa. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwatia watu 80 wenye masikio mazima katika chumba kisichopenya sauti, mmoja mmoja, wakawaambia waeleze wanachosikia. Watu 94 katika kila mia walisikia milio. Basi ugonjwa ni ule mlio unaodumu, unaokatiza usingizi, unaomtenga mtu na mazungumzo ya wenzake, au uliokuja pamoja na upungufu wa kusikia.

Mwuguzi mwenye busara, akijiwa na mtu kama yule mkulima, atamwuliza maswali manne. Na kila mtu aliyehudhuria leo aweza kujiuliza maswali hayo kabla mvumo haujamfika.

Swali la kwanza: Sikio lako limesikia nini?

Kelele ndiyo sababu iliyo mashuhuri kuliko zote. Nchi ya Burundi yajulikana ulimwenguni kwa ngoma zake, na mwaka 2014 UNESCO iliuandika uchezaji wa ngoma za kifalme katika orodha ya urithi wa wanadamu. Pale Gishora, karibu na Gitega, zimehifadhiwa ngoma tangu zama za Mwami Mwezi Gisabo. Mwenye kuwatazama wapigaji wakiingia uwanjani huona kwamba huzibeba ngoma vichwani huku wakizipiga, ngoma ya mti mzito yenye ngozi ya ng'ombe, shubiri chache kutoka sikio. Hapana anayetaka fahari hiyo iondoke. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba ngoma za wazee zililia kwa wakati wake, kama vile katika sherehe ya Umuganuro wakati wa kupanda mtama, kisha zikanyamaza. Ngoma za zama hizi hazinyamazi: mashine ya unga, mashine ya kupasulia mbao, pikipiki isiyo na kizuia mlio, vipaza sauti vya arusi, na vile vidude ambavyo vijana huvitia masikioni mwao toka asubuhi hata walalapo.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kiasi cha 60. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa muda wa saa 40 katika juma moja bila ya khatari. Lakini kila zikiongezeka desibeli tatu, muda huo hukatwa nusu. Kwa desibeli 90 zabaki saa nne tu kwa juma zima. Kwa desibeli 100 zabaki dakika 20. Kwa hiyo kijana anayesimama mbele ya kipaza sauti cha arusi usiku kucha aweza kumaliza haki ya sikio lake ya majuma mengi katika usiku mmoja.

Asiye na chombo cha kupimia na atumie kipimo cha mkono. Akiwa na mwenziwe aliye umbali wa mkono mmoja ulionyoshwa, naye analazimika kupaza sauti ili asikiwe, basi kelele ya mahali hapo imekwisha kuwa ya kudhuru. Na ikiwa baada ya kazi masikio yavuma au yamekuwa mazito kama yaliyozibwa pamba, hilo ni onyo. Sikio limechoka, likipewa siku moja au mbili za utulivu huenda likapona. Likirudishwa katika kelele kila siku, onyo hugeuka kuwa hukumu. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Iko na kelele nyingine ambayo haikuchaguliwa na mtu. Vita vilivyoanza nchini mwaka 1993 na kuendelea zaidi ya miaka kumi viliwafikisha wengi karibu na mlio wa bunduki na guruneti. Mlipuko mmoja waweza kupasua kiwambo na kuua chembe kwa mara moja. Mtu aliyetoka katika hali hiyo na mvumo sikioni asidhaniwe kuwa ana wazimu, wala asichekwe akisema hasikii vema. Amebeba jeraha lisiloonekana.

Swali la pili: Umemeza nini, au umepigwa sindano gani?

Hapa ndipo penye jambo linaloweza kuondoa roho ya mtu, nalo latakiwa lisikilizwe kwa makini.

Kwinini hutoka katika gome la mti, na miti yake imelimwa hata upande wa Bukavu, penye Ziwa Kivu. Dawa hiyo ilitengwa na gome mwaka 1820 na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, nayo imeokoa roho zisizohesabika. Lakini moja ya alama zake ni mvumo wa masikio, pamoja na kizunguzungu na uzito wa kusikia. Alama hii huja hata kwa kipimo kilicho sawa, na aghalabu huondoka baada ya dawa kumalizika.

Basi watu hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza husikia mvumo siku ya pili, akaogopa, akaacha dawa katikati. Homa iliyokuwa imepungua hurudi na nguvu zake, na malaria iliyokatizwa tiba yaweza kuua katika siku chache, khasa mtoto na mwanamke mwenye mimba. Wa pili husikia homa kidogo, akaenda dukani akanunua vidonge, akameza bila kipimo, na kesho akaongeza. Huyu aweza kujipatia uziwi, na kudhuru macho na moyo. Njia iliyo sawa ni kati ya hizo mbili: mwenye kusikia mvumo naye yumo katika dawa asiache na asizidishe, aende siku ile ile kwa mwuguzi aliyempa amwambie. Mwuguzi ndiye atakayeamua kama dawa iendelee au ibadilishwe, kwani zipo dawa nyingine.

Kwa kweli mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2003 malaria ya kawaida nchini Burundi imekuwa ikitibiwa kwa dawa zenye asili ya atemisinini, baada ya klorokwini kushindwa. Na kwa malaria kali, uchunguzi uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, ulitangazwa mwaka 2010, ukaonyesha kwamba sindano ya atesuneti huokoa watoto wengi zaidi kuliko kwinini. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri itangulizwe kwa watoto wa Afrika. Kwa hiyo mzazi asiing'ang'anie kwinini kwa kuwa ndiyo aliyoizoea baba yake.

Aspirini nayo, ikimezwa kwa wingi, huvumisha masikio, na mvumo huo hupoa ikiachwa. Ama baadhi ya dawa za sindano hazina huruma hiyo. Streptomaisini, iliyogunduliwa mwaka 1943, ilikuwa dawa ya kwanza ya kuua vijidudu vya kifua kikuu, na wengi waliponea kwayo, lakini baadhi yao walipona kifua wakapoteza masikio. Jamaa zake, kama kanamaisini na jentamaisini, zina tabia hiyo hiyo, na chembe walizoziua hazirudi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamaisini isitumiwe tena katika kifua kikuu sugu, na dawa za kumeza zishike mahali pake. Jentamaisini bado yahitajiwa, hata kwa watoto wachanga walio katika khatari, wala asiikatae mtu inapoamriwa na mganga. Linalotakiwa ni mgonjwa aseme mapema: masikio yangu yavuma, au napepesuka nikitembea. Na sindano za kupigiwa majumbani na watu wasio na elimu hiyo ziachwe kabisa.

Swali la tatu: Umetia nini sikioni?

Nta ya sikio ni ulinzi. Hunasa vumbi na wadudu, na kwa kawaida hujitoa yenyewe. Lakini watu wameifanya adui. Mmoja huchokoa kwa kijiti cha kiberiti, wa pili kwa unyoya wa kuku, wa tatu kwa pini ya nywele au kijiti chenye pamba. Wote huisukuma nta ndani mpaka ikashindiliwa juu ya kiwambo, na hapo mvumo huanza. Wengine hukitoboa kiwambo chenyewe. Iko na desturi ya kumimina mafuta ya taa, au maji ya majani, au mafuta ya moto. Sikio lililokuwa na taka tu hutoka hapo na kidonda. Nta iliyoziba yaweza kutolewa na mwuguzi kwa muda mfupi, na katika sababu zote za mvumo, hii ndiyo iliyo rahisi kuondoka.

Kitu kingine kinachoingia sikioni ni kofi. Mzazi au mwalimu anayempiga mtoto pembeni ya kichwa husukuma hewa ndani kwa nguvu, na kiwambo hupasuka. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kupiga uso. Mwanafunzi aliyepasuliwa sikio kwa sababu hakushika somo hatalishika tena vema hilo wala yajayo.

Swali la nne: Mwili una nini kingine?

Sikio la mtoto likitoa usaha si jambo la kungojea likauke lenyewe. Usaha uliodumu hula kiwambo na vifupa. Surua, matumbwitumbwi na homa ya uti wa mgongo huweza kumwacha mtoto na uziwi au mvumo, na chanjo ndiyo kinga yake. Kwa watu wazima, shinikizo la damu, upungufu wa damu, na maradhi ya taya na meno huweza kuleta mvumo au kuuzidisha. Umri nao hupunguza kusikia, na mvumo huja nyuma yake.

Zipo alama ambazo hazingojei soko wala mavuno. Mvumo unaopiga sawasawa na mapigo ya moyo. Mvumo wa sikio moja tu unaodumu. Mvumo uliofuata pigo la kichwa. Mvumo pamoja na kizunguzungu kikali, au uso kulegea upande mmoja. Na zaidi ya hayo, sikio lililokufa ghafla, jana lasikia na leo halisikii. Huyu wa mwisho apelekwe hospitali siku ile ile, maana tiba yake ina faida katika siku za mwanzo, na kila siku ipitayo huipunguza.

Baada ya maswali hayo manne, ni vema itazamwe kinga ndani ya jamaa yenyewe.

Msikitini, vipaza sauti vielekezwe nje na juu, visielekee safu za wanaoswali wala chuo cha watoto. Muadhini tangu zamani ana desturi ya kutia vidole masikioni anapoadhini. Desturi hiyo ina khabari nzuri kwa watu wa leo: anayeipaza sauti kwa ajili ya wengine, naye ana masikio ya kuyahifadhi. Katika arusi na maulidi, watoto na wazee wawekwe mbali na spika. Uwanjani, kila umbali unapoongezwa maradufu, sauti hupungua desibeli sita, nayo ni kinga isiyo na gharama.

Mwenye mashine ya unga au ya mbao ana dhima juu ya kibarua wake. Mashine itiwe mafuta na ikazwe, kwani mashine mbovu hupiga kelele zaidi. Watu wapokezane. Vifuniko vya masikio au vizibo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo vinunuliwe. Pamba kavu pekee haitoshi. Kibarua asione haya kuvivaa, kama asivyoona haya kuvaa viatu. Na kijana mwenye simu apunguze sauti hata asikie akiitwa na mamaye, na ayapumzishe masikio kila saa.

Ama wale ambao mvumo umekwisha kuwashika, waambiwe kweli. Mpaka sasa hapana kidonge kilichothibitika kwamba huuzima mvumo wa masikio. Anayeuza tone la kuponya kabisa anauza maji. Lakini kukosa dawa ya kuuzima si kukosa msaada. Kwanza itafutwe sababu, kwani nta hutolewa, usaha hutibiwa, shinikizo la damu hushushwa, na dawa hubadilishwa. Pili, aliyepungukiwa na kusikia akipata chombo cha kusikilizia, sauti za nje hurudi na mvumo hufifia nyuma yake. Tatu, aepuke kimya cha kaburi wakati wa kulala. Sauti ndogo ya redio, au Qur'ani inayosomwa kwa utulivu, au maji yanayotiririka, huupa ubongo kitu kingine cha kusikiliza. Nne, ajue kwamba ubongo hujifunza. Mlio usioogopwa hupoteza ukali wake kwa miezi, kama mtu aliyehamia karibu na maporomoko ya mto, baada ya muda asivyoyasikia tena. Wataalamu wa mambo ya nafsi wana mafunzo ya kuisaidia kazi hiyo, na faida yake imethibitika.

Na wale wanaomswalia Mtume masikio yavumapo, jambo lao ni la kheri, ingawa mapokeo yanayotajwa juu yake yamebishaniwa na wataalamu wa Hadithi. Dua ni haki ya mgonjwa. Lakini Mtume ameamrisha watu wajitibu, na dua haikuwekwa iwe ukuta kati ya mgonjwa na kituo cha afya. Sikio la kufa halisikii dawa, na msiba ulioje mtu kufa kwa malaria hali sikio lake lilikuwa zima, ila hakuna aliyemwambia asiache dozi yake.

Basi na arejewe yule mkulima. Akiulizwa maswali manne, itajulikana kwamba siku mbili za kila juma yumo katika mlio wa mashine, na kwamba yumo katika siku za kwinini. Ataambiwa amalize dawa kama alivyopangiwa, arudi baada ya juma moja atazamwe, na tangu siku hiyo asisimame penye mashine bila kifuniko. Huenda nyenje wake akanyamaza. Huenda akabaki kidogo. Lakini hatalala tena akihesabu majina ya mahasidi, wala hatauza mbuzi wake amlipe mpunga majini, na jirani yake hatatiliwa shaka ya uchawi kwa kosa la mashine ya unga. Amani ya kijiji nayo ni sehemu ya kinga.

Waliosikia maneno haya na wawafikishie wasiokuwapo. Mwenyezi Mungu awahifadhie Waislamu na majirani zao wote masikio yao, awape wagonjwa shifaa, na awajaalie vijana kulinda leo kile ambacho hakiwezi kununuliwa kesho. Amin.